Kupanga Mirathi Ungali Hai: Mwongozo wa Wasia, Hiba, Wakfu na Amana kwa Wakaazi wa Unguja na Pemba

Shamba la karafuu la babu yangu mzaa baba, lililoko upande wa Wete, lilikaa zaidi ya miaka arubaini bila ya kugawiwa. Alipofariki, watoto wake walikubaliana kwa mdomo kwamba kila msimu karafuu zitachumwa pamoja, wachumaji watalipwa, na kitakachobaki kitagawanywa. Mpango huo ulikwenda vizuri maadamu ami zangu na mashangazi walikuwa hai. Walipoanza kuondoka mmoja mmoja, kila mmoja akiacha mke au mume na watoto wake, hisabu ikawa nzito, na siku tulipokaa hatimaye mbele ya mwanachuoni anayejua mirathi, ilibidi vifo saba vihisabiwe kimoja baada ya chengine. Fungu la mmoja wetu likatoka chini ya mkarafuu mmoja. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu mwenzake. Kilichokosekana ni kazi ya siku chache ambayo babu angeweza kuifanya mwenyewe, naye akiwa ndiye pekee aliyejua mipaka ya shamba lile na miti ipi ilikuwa yake na ipi ya jirani.

Kwa Muislamu, kupanga mirathi si kukaa na kuamua nani apate kiasi gani, kwa sababu mafungu yamekwishawekwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176. Kilichobaki mikononi mwa mwenye mali ni kuisafisha mali yake kabla haijawa mirathi: kutenga iliyo yake na isiyo yake, kuyaandika madeni, kuitumia ile thuluthi (sehemu moja katika tatu) aliyoruhusiwa kuiusia, kutoa mapema anachotaka kutoa, na kuwaachia warithi njia fupi ya kugawana. Maelezo yafuatayo yanafuata madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa visiwani. Ibadhi na Shia Ithnaashari wana tofauti zao, na baadhi yake ni kubwa. Kwa mfano, kwa Ithnaashari mrithi anaweza kuusiwa ndani ya thuluthi, jambo ambalo kwa Shafi linahitaji ridhaa ya warithi wengine. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, kila mmoja amwendee mwanachuoni wa madhehebu yake.

Hatua ya kwanza: tenga mali yako na mali za watu

Chukua daftari la kawaida na uandike kila kitu kwa mkono wako. Usianze na vilivyo dhahiri. Anza na vyenye utata, kwa kuwa ndivyo vitakavyowapeleka watoto wako mahkamani.

Ardhi ndiyo yenye utata zaidi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilifanywa mali ya umma, na Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya 1992 ikaweka utaratibu wa haki ya matumizi, ambayo mwenye nayo anaweza kuihamisha na kurithiwa. Kwa hiyo, unapoandika "kiwanja changu", eleza unakishikilia kwa karatasi gani: hati kutoka Kamisheni ya Ardhi, karatasi ya mauziano iliyopita kwa sheha, au maneno ya wazee tu. Ikiwa ni karatasi ya mauziano pekee, anza kufuatilia usajili sasa, ungali unaweza kumleta muuzaji au watoto wake kutoa ushahidi. Ikiwa unalima eka tatu zilizotolewa na Serikali baada ya Mapinduzi, usiziandike katika mkumbo mmoja na shamba ulilonunua. Eka zilitolewa kwa masharti, na kuzikatakata vipande kwa kila mtoto bila ya kupita kwa mamlaka za ardhi ni kuwatafutia watoto kesi. Nenda Kamisheni ya Ardhi na waraka wako, uliza jina la nani limo katika kumbukumbu na utaratibu gani unatakiwa ili uhamishe, na uyaandike majibu utakayopewa.

Miti ni mali kivyake. Kila mtu wa shamba anajua kwamba mikarafuu au minazi inaweza kuwa ya huyu na ardhi ikatumiwa na yule, lakini daftari nyingi hazisemi hivyo. Andika idadi ya miti, iko wapi, inapakana na ya nani, na kama umeirehani au umeuza karafuu zikiwa bado mtini. Tembea shambani na mmoja wa watoto wako, pamoja na jirani wa kila upande, mkaoneshana mipaka. Asubuhi moja inatosha kwa kazi hiyo.

Nyumba nazo zina yake. Mara nyingi kijana hujenga chumba au ghorofa juu ya nyumba ya baba yake kwa fedha zake, na hakuna anayeandika chochote kwa kuwa ni baba na mwana. Baba akifariki, dada zake wanadai, kwa haki kabisa, kwamba nyumba yote ni ya marehemu. Hali hiyo hiyo humpata mke aliyeuza dhahabu yake kununua mabati, au aliyelipa nusu ya kiwanja kutokana na mshahara wake. Ikiwa mlichangia, andikeni sasa kwamba ni ushirika, na kila mmoja ana sehemu gani, mbele ya mashahidi. Sehemu ya mkeo si mirathi yako. Itatolewa kwanza, kisha atarithi katika sehemu yako. Kuona haya kuandikiana baina ya mume na mke ni jambo linaloeleweka, lakini nimeona wajane wakiona haya zaidi baadaye, wakibabaika kueleza mbele ya shemeji zao kwamba mabati yale yalitokana na bangili zao.

Mwisho wa hatua hii, andika amana za watu zilizo kwako: fedha za kikundi cha kuweka na kukopa, vyombo vya jirani, fedha za simu alizokutumia ndugu aliye Maskati au London ili umnunulie kiwanja. Kiwanja kama hicho kikisajiliwa kwa jina lako bila ya maelezo, warithi wako hawatakuwa na sababu ya kujua kwamba si chako.

Hatua ya pili: andika madeni, ya watu na ya Mwenyezi Mungu

Mali ya marehemu hutoka kwa mpangilio: kwanza gharama za kumzika, kisha madeni, kisha wasia, na ndipo mirathi. Deni likiwa kubwa kuliko mali, hakuna wasia wala mirathi ya kuzungumza.

Deni la benki hulikumbuka kila mtu kwa sababu benki haisahau. Linalosahauliwa ni mahari. Ikiwa sehemu ya mahari ya mkeo ilibaki ukasema utaimaliza baadaye, hiyo ni deni kamili, na mkeo analichukua kabla ya fungu lake la urithi. Andika pia zaka ulizoacha kuzitoa, kafara na nadhiri ambazo hujazitimiza, na Hija ikiwa ilikuwajibikia ukaichelewesha. Kwa madhehebu ya Shafi mambo haya hutolewa katika mali yote kabla ya wasia, hata kama hukuusia. Upande wa pili wa ukurasa, andika unaowadai wewe ukawa umewasamehe na wale ambao hukuwasamehe.

Hatua ya tatu: wajue warithi wako kwa majina

Orodhesha mke au wake, wazazi walio hai, watoto wote wa ndoa zote, na ikiwa huna mtoto wa kiume wala baba, ndugu zako. Ambatisha nakala za vyeti vya ndoa, hati za talaka na vyeti vya kuzaliwa. Mke uliyemuacha kwa talaka rejea, yaani ile ambayo mume anaweza kumrejea ndani ya eda, akiwa bado katika eda yake anakurithi, na eda ikimalizika harithi. Kwa hivyo talaka isiyoandikwa tarehe ni ugomvi unaongoja siku. Vivyo hivyo ndoa ya pili iliyofungwa kimya kimya Bara au kisiwa cha pili. Utakapokufa itajulikana tu, na ni uungwana watoto wako waisikie kutoka kwako kuliko kuisikia kwenye khitma yako.

Hesabu ya mfano husaidia kuona jinsi mpangilio unavyofanya kazi. Chukua mzee wa Chake Chake ambaye wazazi wake wamekwishafariki, ameacha mke mmoja, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na wajukuu wawili ambao baba yao, mtoto wake wa kiume, alifariki kabla yake. Mali yake yote imethaminiwa shilingi milioni 120. Mazishi yamechukua milioni 1. Madeni pamoja na mahari iliyobaki ni milioni 11. Zikabaki milioni 108. Thuluthi yake ni milioni 36, lakini yeye aliusia milioni 12 tu kwa wale wajukuu. Kinachogawiwa ni milioni 96. Mke, kwa kuwa kuna watoto, anapata thumni (sehemu moja katika nane), yaani milioni 12. Zinabaki milioni 84, ambazo huchukuliwa na watoto, kila wa kiume akipata mafungu mawili ya wa kike: mafungu ni saba, kila moja milioni 12. Kila binti anapata milioni 12 na kila mwana milioni 24.

Waangalie wale wajukuu. Bila ya wasia wasingepata hata shilingi, kwa kuwa ami zao walio hai wanawazuia. Katika mambo yote niliyoyaona yakileta chuki kwenye familia, hili ndilo la kwanza, na dawa yake iko mikononi mwa babu au bibi peke yao.

Hatua ya nne: itumie thuluthi yako

Wasia hauzidi thuluthi ya kilichobaki baada ya madeni, isipokuwa warithi wakiridhia baada ya kifo. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na Saad bin Abi Waqqas alimruhusu thuluthi, na akasema kwamba hata thuluthi ni nyingi, ndiyo maana wanachuoni wamependekeza kupunguza, hasa warithi wakiwa masikini. Wala haumwendei mrithi ila wenzake wakiridhia. Baba anayeandika "nyumba ya Mji Mkongwe ni ya mwanangu mkubwa" katika wasia hajampa mwanawe nyumba. Amempa ugomvi na ndugu zake.

Basi fikiri nani hatarithi na anastahiki. Wajukuu yatima tumewataja. Wapo pia mtoto uliyemlea usiyemzaa, mtoto wa kambo, mke asiye Muislamu ambaye hatarithi kwa tofauti ya dini, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ambaye kwa fikihi hamrithi baba, dada anayekaa nawe aliyezuiwa na watoto wako wa kiume, na mtumishi aliyekulea ukiwa mgonjwa. Kisha kuna madrasa, msikiti, kisima.

Andika kwa sehemu kuliko kwa kitu mahsusi, ukiweza. Ukiusia "mikarafuu ishirini ya bondeni" na mikarafuu hiyo ikafa kwa ukame kabla yako, aliyeusiwa hana kitu. Ukiandika "sehemu moja ya kumi ya mali yangu baada ya madeni", wasia unapanda na kushuka pamoja na mali. Ikiwa ni lazima utaje kitu, kitaje kwa alama zake zote.

Hatua ya tano: chagua wasii

Wasii ndiye atakayelipa madeni yako, kutekeleza wasia na kusimamia mali ya watoto wadogo. Sharti awe Muislamu, baleghe, mwenye akili, muadilifu na anayeweza kazi. Sio lazima awe mwanamume, na mama wa watoto akitimiza masharti ndiye bora kuliko wengine kwa mali ya watoto wake. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: kwa Shafi, maadamu babu mzaa baba wa watoto yu hai na anafaa, yeye ndiye msimamizi wa mali zao, na baba hana nafasi ya kumuweka mwengine juu yake. Ikiwa una wasiwasi na hali ya mzee wako, zungumza naye sasa, akiwa na akili zake, mkubaliane nani atamsaidia.

Mtake ridhaa mtu huyo kabla ya kumuandika, na uweke wa akiba. Mjomba anayeheshimiwa na kila mtu lakini hajui kusoma taarifa ya benki si chaguo zuri. Mwache awe msuluhishi, na kazi ya karatasi mpe mwengine.

Hatua ya sita: unachotaka kutoa, kitoe ungali mzima

Anayetaka kumpa mtoto mmoja nyumba, kwa sababu ndiye aliyemuuguza au ana ulemavu, njia yake ni hiba, yaani kumpa akiwa bado hai. Hiba ina nguzo ambazo watu huzirukia: kutoa kwa tamko, kukubali, na kukabidhi. Bila ya kukabidhi haijatimia. Mzee anayeandika hiba ya nyumba kisha akaendelea kukaa humo, kupokea kodi na kushika funguo hadi kufa kwake, ameacha karatasi ambayo ndugu wengine wataipinga kwa urahisi. Kabidhi kweli: toa funguo, hamisha jina Kamisheni ya Ardhi, kodi ipokewe na mwenyewe. Na hiba itolewayo katika maradhi ya kifo huhisabiwa kama wasia, ikarejea kwenye mipaka ya thuluthi na ya mrithi. Pia mtume amehimiza usawa baina ya watoto katika kupeana, kwa hivyo ukimpendelea mmoja, iwe kwa sababu unayoweza kuisema mbele ya wengine.

Wakfu ni jambo jengine. Ni kukizuia kitu chenyewe kisiuzwe, kisitolewe wala kisirithiwe, na manufaa yake yakaenda kwa uliowataja: msikiti, wanafunzi, masikini, au dhuria yako, yaani kizazi chako. Kwa Shafi wakfu ni wa moja kwa moja, haufutwi ukishatimia, na huwezi kujiwekea wakfu mwenyewe. Ukisema "iwe wakfu baada ya kufa kwangu", umefanya wasia, na thuluthi inakuhusu. Wakfu wa dhuria unapendwa sana Unguja mjini kwa sababu nyumba haiuzwi, lakini nataka niseme wazi: umeziona nyumba ngapi za wakfu ambazo paa limeporomoka kwa kuwa wanufaika ni wengi, kodi ni ndogo na hakuna aliyeachiwa wajibu wa kutengeneza? Ukiweka wakfu, taja msimamizi, taja atakayemfuata, na uagize kwamba sehemu ya mapato itangulie kwenye matengenezo kabla ya mgao wowote. Kisha usajili kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, taasisi iliyowekwa kwa sheria ya 2007, ambayo pia hushughulikia mirathi za Waislamu. Waulize mapema kama mali unayoikusudia, kwa aina ya karatasi uliyonayo, inaweza kuwekwa wakfu.

Amana inafaa pale ambapo hutaki kufunga mali milele lakini kuna mtu asiyeweza kusimamia chake, kama mtoto mdogo au mtu mwenye maradhi ya akili. Unaikabidhi mali kwa msimamizi, kwa maandishi, ukieleza ni ya nani, itumike kwa nini, hesabu itolewe kwa nani na lini, na itamalizika siku gani. Kumbuka tu kwamba amana inayoanza baada ya kifo haiwezi kupunguza fungu la mrithi yeyote. Inaweza kusimamia fungu la mtoto, si kulibadilisha.

Jina uliloliandika benki kuwa la mpokeaji nalo lisikudanganye. Kwa mtazamo wa fikihi, huyo ni mpokeaji wa fedha kwa niaba ya warithi, hawi mmiliki. Mafao ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar yana masharti yake, na unachotakiwa ni kuhakikisha kwamba majina ya wategemezi yaliyomo katika kumbukumbu za mfuko ni ya leo, si ya mwaka ulioajiriwa.

Kwa wasio Waislamu, mafungu haya hayawahusu. Wasia wao na usimamizi wa mali zao hupita mahkama za kawaida, si kwa kadhi, na ni vyema uandikwe na wakili. Hatua za daftari, madeni na uteuzi wa msimamizi ni zile zile.

Hatua ya saba: kuandika, kushuhudisha na kuhifadhi

Wasia uanze na jina lako kamili, namba ya kitambulisho cha Mzanzibari, shehia unayokaa na tarehe, na maneno kwamba unafuta wasia wowote uliotangulia. Yafuate madeni, kisha unaowausia, kisha wasii na wa akiba. Tia saini kila ukurasa. Mashahidi wawe wanaume wawili waadilifu, wasiwe warithi wala walioandikiwa kitu humo. Ni bora usomwe mbele ya wakili au kadhi, wakati afya yako haina shaka, kwa kuwa wasia ulioandikwa hospitalini na mkono wa mtoto mmojawapo huzaa maswali hata ukiwa wa kweli kabisa.

Mali iliyo Tanzania Bara iandikie ukurasa wake, kwa kuwa mahkama za huko zina utaratibu wao wa mirathi na warithi watalazimika kuufuata. Kama warithi wako wengine wako nje ya nchi, wahimize waandae hati ya uwakala kwa mtu anayeaminika hapa nyumbani.

Weka nakala halisi kwa wasii, moja kwa wakili au taasisi iliyokushuhudia, na moja nyumbani pahali ambapo mke na mtoto mmoja wanapajua. Unaweza kuubadilisha wasia wakati wowote ungali hai. Ufungue tena kila unapooa au kuacha, anapozaliwa au kufariki mtu katika orodha yako, na kila unaponunua au kuuza ardhi.

Katika bahasha hiyo hiyo, waandikie warithi wako ukurasa mmoja wa maelekezo. Waambie waende kwa sheha kupata barua, kisha wachukue cheti cha kifo kwa wakala wa usajili wa matukio ya kijamii, kisha wafike Kamisheni ya Wakfu au mahkama ya kadhi na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, na lile daftari. Waambie mjane asihamishwe nyumba ya eda kwa miezi minne na siku kumi, na ikiwa ni mjamzito wasubiri mpaka azae, kwa kuwa aliye tumboni naye ana fungu. Halafu waandikie mwezi ambao unataka mgao uwe umekamilika. Kama kuna shamba, uwe mwezi ulio kabla ya msimu wa karafuu.